Pikapu Iliyogoma Kutoka Fowili

Mama mkwe hakupiga simu kusalimia. Alipiga akasema pikapu yake imekataa kutoka fowili, akakata. Fundi Taratibu, aliyekuwa amejikunja chini ya basi dogo la shule, alibaki na simu sikioni akisikiliza kimya, kisha akaifuta grisi kwa shati lililokuwa chafu kuliko simu yenyewe.

Jina la Taratibu alipewa na wateja. Mtu akija juu, anafoka, gari lake limelala gereji wiki nzima, yeye humjibu, "Taratibu, mzee wangu, taratibu," na mzee hujikuta ameketi juu ya tairi kuukuu anasubiri kwa adabu. Kwenye ufundi hiyo ni karama. Kwenye ndoa ilikuwa imezaa balaa, maana mkewe alikuwa kwa mama yake mwezi na ushei sasa, na muda wote huo Taratibu alikuwa bado anatafakari aanzie wapi.

Kisa chenyewe hakikuwa kirefu. Mke alifanyiwa upasuaji wa tumbo. Siku ya kuruhusiwa, mume aliahidi kumfuata hospitali mchana. Mchana ukafika, ukapita. Mume yuko chini ya lori anateremsha giaboksi. Mke alikaa kwenye benchi la wodi, mfuko wa nguo mapajani, akapiga simu, akapiga tena, mwishowe akapanda pikipiki na nyuzi zake mbichi, akawa anaguna kila tuta. Jioni Taratibu alimkuta kitandani. Akaeleza kwamba simu ilikuwa ndani ya sanduku la spana, hakuisikia. Halafu, kwa kuwa ni mtu wa kutazama upande mzuri wa mambo, akaongeza:

"Lakini si umefika?"

Kidonda kilipokauka, mke akafunga begi. Hakugombana wala hakutukana. Aliacha nusu ya nguo zake kabatini, na nusu hiyo ndiyo iliyomkosesha Taratibu usingizi. Angezibeba zote, angejua kuwa ameachwa. Angeziacha zote, angejua kuwa mtu ametembea tu. Sasa kila asubuhi alifungua kabati, akazitazama, akalifunga, akaenda kutengeneza magari ya watu.

Kwa hiyo siku hiyo ya simu alioga mara mbili, akavaa ovaroli safi, akaenda.

Mama mkwe alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, muuza chakula cha kuku, na magunia aliyapeleka mwenyewe kwa wafugaji kupitia njia ambazo mvua ikinyesha hugeuka uji. Bila fowili, magurudumu yote manne yakivuta pamoja, hafiki. Taratibu alimheshimu kwa namna mtu anavyouheshimu umeme.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Gari hilo hapo."

Nyumba ilikuwa na ua wa saruji, banda la kuku upande mmoja, na chumba cha uani chenye dirisha la wavu. Humo ndani cherehani ilikuwa inalia. Taratibu alipotamka shikamoo, ikanyamaza.

"Imeanzaje?" aliuliza, macho kwenye dirisha.

"Inaanzaje nini? Nimetoka kwenye tope, nimerudisha gia ya fowili mahali pake. Taa kwenye dashibodi inakonyeza tu, haizimiki. Mbele kunavuma kama pana mzinga wa nyuki. Imetoka nusu, imekataa kumalizia."

Taratibu alifanya yale ambayo fundi yeyote hufanya kwanza. Aliingia kwenye usukani, akarudi nyuma kidogo, akaenda mbele, akarudi tena, maana mara nyingine meno yamebanana tu na yanahitaji kutikiswa. Taa ikaendelea kukonyeza. Akapiga jeki gurudumu moja la mbele, akalizungusha kwa mkono huku amechungulia chini. Propela ya mbele, lile bomba refu linalopeleka nguvu kwenye magurudumu, ikazunguka nalo. Hapo akajua. Mtu akishatoka fowili, propela ile inapaswa kutulia. Ikizunguka, basi difu ya mbele, yaani meno ya katikati ya ekseli, bado imeshikana na magurudumu, haijaachia.

Na kinachoiachia ni upepo. Injini huvuta hewa kupitia mpira mwembamba, nao mpira huvuta kidude kilichofungwa kwenye ekseli ya mbele. Mpira ukitoboka au ukichomoka, kidude hakina habari, hata ukivuta gia mpaka mkono ung'oke. Taratibu aliufuata mpira kwa vidole, akakuta ncha yake inaning'inia. Akaurudisha. Akawasha gari, taa ikazimika, akazungusha gurudumu, propela ikatulia tuli.

Mama mkwe akamletea chai. Akainywa polepole sana, kwa sababu kikombe kikiisha itabidi aseme kitu. Kikombe kikaisha. Akasema, "Mpira tu, mama. Ulichomoka," akaaga, akaondoka. Alipofika getini akasikia cherehani imeanza tena, tena kwa kasi, kama mtu anashona kwa hasira.

Haikupita wiki, simu ikalia. Fowili imekataa kutoka.

Safari hii Taratibu hakupoteza muda na usukani. Alikwenda moja kwa moja chini, na mpira ulikuwa unaning'inia palepale. Akaiangalia ile ncha, haikuwa imepasuka. Akasema mpira umezeeka, umelegea. Akafunga mpya, na juu yake akaweka klipu ya skrubu, akaikaza kwa bisibisi mpaka akaona haya kuendelea. Chai ikaja. Safari hii kikombe kilikuwa kikubwa zaidi, naye hakuliona hilo.

"Yupo?" aliuliza hatimaye, akielekeza kidevu chumba cha uani.

"Sikio lako linakuambiaje?" mama mkwe alijibu.

Cherehani ilikuwa kimya kabisa. Taratibu akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa jambo zito, akakusanya spana. Njiani alijilaumu kwa maneno ambayo hajawahi kumtamkia mteja yeyote. Alimpenda mkewe. Alipenda hata anavyobishana na redio. Jambo dogo tu, kusimama mlangoni na kufungua mdomo, lilimshinda yeye ambaye huteremsha giaboksi za malori.

Simu ya tatu ilipokuja aliitikia kabla haijalia vizuri.

Aliwasha injini, akalala chini ya pikapu, akawasha tochi, akabaki hapo. Mpira umechomoka. Klipu ilikuwa imelazwa juu ya chuma cha chesisi, skrubu yake imelegezwa hadi mwisho, haikupotea wala haikuvunjika. Sasa mtikisiko unaweza mengi. Unaweza kulegeza nati, kukata waya, hata kudondosha bampa. Lakini mtikisiko haushiki bisibisi.

Akawaza, na mawazo yake yakaenda yote upande mmoja. Mkewe alikuwa akikaa naye gereji jioni, akimmulikia tochi, na aliujua mpira ule kama alivyojua sindano zake. Ni yeye. Anauchomoa ili mume aje. Taratibu akaona raha. Halafu akaona hasira, maana hii ni fedheha kwa gari zima. Halafu akaona raha tena, akatoka chini ya gari akiwa na manyoya ya kuku mgongoni.

Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale, mikono nyuma.

Wateja wa Taratibu, anapowauliza nani amegusa gari, humjibu "hakuna" kwa kiapo, naye huwaambia mficha maradhi kifo humuumbua. Mama mkwe huwezi kumwambia hivyo. Akachagua maneno kwa uangalifu.

"Mama, samahani. Kuna mtu huwa anaingia chini ya gari hili?"

"Yupo."

"Nani?"

"Mimi."

Kuku mmoja akapita kati yao bila haraka.

"Mara ya kwanza mpira ulichomoka wenyewe," mama mkwe alisema. "Sitaki kulisingizia gari. Ukaja, ukatengeneza, ukanywa chai, ukaenda zako. Nikasema labda ana haya, nimpe nafasi nyingine. Nikauchomoa. Ukaja na mpira mpya! Nakupa mlango wewe unanipa mpira! Tena ukanifungia na klipu. Nimetafuta bisibisi nyumba nzima. Umri wangu huu, nalala chali kwenye mavi ya kuku kwa ajili yenu."

"Mama, mimi nilikuwa nasubiri wakati mzuri."

"Na mafuta ninayochoma kuzunguka na fowili, ndiyo wakati wako mzuri?"

Taratibu alifungua mdomo kusema neno lake analolijua. Mama mkwe akainua kidole.

"Usiniambie taratibu. Goti langu limekwisha. Chini ya gari sirudi. Yule naye mkaidi, hawezi kukuita. Kanikataza hata kutaja jina lako mezani, halafu ukifika anaacha kushona ili asikie unavyopumua. Nimechoka na nyote wawili. Mlango huo."

Mlango ulikuwa hatua chache tu. Taratibu akaufikia na bisibisi mkononi, akaona haifai, akaitia mfukoni.

Chumba kilijaa sare za shule ambazo bado hazijatiwa mikono. Mkewe alikuwa nyuma ya cherehani, kitambaa chini ya sindano, mkono juu ya gurudumu. Alikuwa amenenepa kidogo, rangi imemrudi. Taratibu alifurahi kumwona hivyo mpaka akasahau alichopanga kusema.

"Mpira umechomoka tena," akasema.

"Nimesikia."

"Ni mama."

"Najua. Mimi ndiye niliyemwonyesha ilipo bisibisi."

Nje injini ya pikapu ilikuwa bado inanguruma, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuizima.

"Siku ile ya hospitali," Taratibu akaanza. "Simu haikuwa kwenye sanduku. Ilikuwa mfukoni, hapa. Niliisikia."

Mke akaondoa mkono juu ya gurudumu.

"Nilizisikia zote mbili. Nikasema moyoni, mteja huyu nikimwacha ataondoka na asirudi. Mke wangu atangoja. Wewe hungojewi, wewe ndiye unayengoja. Ndivyo nilivyofikiri. Halafu nikakudanganya, na juu yake nikakuambia si umefika. Nimekukosea. Naomba unisamehe."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa ndani ya ndoa, na alipomaliza alikuwa anatoka jasho kuliko akiwa chini ya lori. Mke alitazama kitambaa. Chozi likamdondokea kwenye kola ya mtoto wa mtu. Akalifuta haraka kwa kidole gumba lisije likaacha doa.

"Simu nilijua uliisikia," alisema. "Iliita hadi mwisho, halafu ya pili ikakatwa. Sanduku la spana halikati simu."

Taratibu akaugusa mfuko ule wa simu.

"Nilikuwa nangoja useme wewe. Ningekubana ungekiri, nakujua. Lakini ningekuwa nimekuvua uongo huo mimi, hujauvua mwenyewe. Na ile pikipiki," sauti ikapanda, "kila tuta nilikuwa nakutukana! Matuta yote ya mji huu yanajua jina lako!"

"Yana haki."

"Yana haki." Akavuta pumzi, akageuza gurudumu la cherehani nusu, akaliachia. "Leo sirudi."

"Sawa."

"Usiseme sawa kama unapokea oda. Nimesema leo."

Taratibu alisimama, hajui mikono aiweke wapi. Nje mama mkwe alikuwa ameanza kufagia ua kwa kelele nyingi, karibu sana na dirisha.

"Kesho njoo," mke akasema.

"Gari nitakuwa nimeshalimaliza leo. Kuna kingine kimeharibika?"

"Hakuna kilichoharibika," akasema mkewe. "Njoo tu."