Pointi Moja ya Kocha Hembrough

Shirikisho letu la michezo linaitwa Mito Mitano. Lina vyuo kumi na mto mmoja, nao wakati wa kiangazi hata bata anauvuka kwa miguu. Lakini usimwambie hivyo Kocha Hembrough. Kwake lile kombe ndilo kombe la dunia, na mwaka huo aliapa kulichukua hata ikibidi atukamue kama ng'ombe wa maziwa.

Ijumaa, siku ya kwanza ya mashindano, akagundua kwamba mbio za mita elfu kumi za wasichana zina wakimbiaji saba tu. Kwetu, anayemaliza wa nane hupewa pointi moja, awe mkimbiaji au gunia la viazi.

"Ardis," akaita, "vaa viatu. Utakimbia."

Ardis Tollefsrud ni mrusha tufe mwenzangu. Ana mabega ya kubebea ndama, na mbio anazozijua ni za kuwahi foleni ya chakula. Ulikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni. Kesho yake angerusha tufe, na msimu mzima hakuna aliyemkaribia. Baba yake alikuwa ameacha kupanda mahindi ili aje amwone akiwa bingwa.

"Kocha, kesho nina tufe," Ardis akasema.

"Tembea tu, mama. Nani kakwambia ukimbie? Maliza, uniletee pointi yangu."

Akatembea. Haukupita muda, kocha wa wapinzani wetu akalalamika, na mwamuzi akamsubiri Ardis pembeni mwa njia.

"Binti, sheria unaijua. Asiyeshindana kwa dhati anaondolewa kwenye mashindano yote. Ukitembea tena, kesho hurushi kitu."

Basi akakimbia. Jamani, niliona huruma, nikaona na hasira. Wenzake walimaliza, wakaoga, wakala piza, naye bado anazunguka peke yake huku Kocha akipiga makofi, "Safi, mama, safi!" Alipovuka mstari tulimbeba.

Jumamosi miguu ikagoma. Tufe hurushwa kwa miguu, mkono unamalizia tu. Hata Kocha anajua, ndiye aliyetufundisha. Ardis akashika nafasi ya tisa. Baba yake akapiga makofi vilevile, na Ardis akashindwa kumtazama. Mimi nililia.

Jioni matokeo yakasomwa: tumeshinda kwa pointi moja. Tamaa mbele, mauti nyuma, ndivyo wasemavyo. Kwa Kocha ilikuwa tamaa mbele, kombe nyuma, mauti akaachiwa Ardis.

"Pointi moja!" akamwambia mwandishi wa gazeti la chuo, kidole juu. "Walinicheka. Hiyo ndiyo akili ya ukocha."

Bingwa wa tufe hupata pointi kumi. Nilitaka kumpigia hesabu palepale mbele ya huyo mwandishi, ila Ardis akanishika mkono.

"Mwache. Twende tukamtupe."

Kocha akishinda, wanariadha wake humtupa kwenye dimbwi la mbio za kuruka viunzi na maji. Ndiyo desturi. Wanne humshika, wanahesabu, watu wanacheka. Safari hii Ardis alitusogeza pembeni, akamnyanyua peke yake.

"Taratibu, mama," Kocha akasema, bado anatabasamu kwa ajili ya picha.

Akapaa hewani na kofia yake, akatua kifudifudi katikati ya maji, uwanja mzima ukashangilia. Ulikuwa mrusho mzuri kuliko yote ya Ardis wikiendi ile, na baba yake alikuwa ameshaondoka.