Pampu Ikilia

Kilichomtia tamaa kwanza kilikuwa kiti. Kilikuwa na magurudumu, mgongo wa kuegemea na mahali pa kupumzishia viwiko, na muuguzi alipokikalia asubuhi ile katika ofisi ya kampuni ya vifaa vya hospitali, alitamani asiinuke tena. Miaka yake yote ya wodini ilikuwa miaka ya kusimama. Mishipa ya miguu ilimvimba ikajisokota, na daktari wake, mtu asiye na maneno mengi, alimwambia kinagaubaga kwamba asipopunguza kusimama, kitanda kinachofuata atalazwa yeye.

Ndiyo maana siku yake ya mapumziko, badala ya kulala kama binadamu wengine, alikuja kuionja kazi ya uuzaji. Wangemzungusha mchana kutwa, na jioni awape jibu.

"Sisi hapa ni familia, dada," meneja alimwambia huku akimshika mkono kwa mikono miwili.

Muuguzi alikuwa na familia tayari, na ilimtosha. Lakini alitabasamu.

Familia ile ilikuwa na mila zake. Aliyeshika mkia katika mauzo aliwekewa kando ya meza kiunzi cha mifupa cha plastiki, akae nacho mpaka auze. Wiki hiyo kilikuwa kwa mwanamke aliyerudi juzi tu kutoka likizo ya uzazi, naye alikuwa amekitundikia mkoba wake begani. Na katikati ya ofisi, juu ya meza yake peke yake, palikaa pampu ya dripu, ile mashine inayomsukumia mgonjwa dawa kidogo kidogo na kupiga kelele mpira unapoziba. Muuzaji akifanikiwa, aliifuata akabonyeza kitufe, pampu ikalia, na ofisi nzima ikaacha kila kitu ikapiga makofi.

Ilipolia mara ya kwanza, muuguzi alijikuta katikati ya chumba, mikono mbele, macho yakitafuta kitanda. Hakukuwa na kitanda. Kulikuwa na watu wanaopiga makofi, kisha watu wanaocheka mpaka machozi.

"Utazoea," alisema mmoja wao ambaye hakucheka sana. Walimwita Bingwa, kwa sababu hakuna aliyekumbuka lini kile kiunzi kilikaa kwake. Ndiye aliyepewa kumtembeza.

Ndani ya gari la kampuni kulikuwa na ubaridi mzuri, na muuguzi alinyoosha miguu akafumba macho kidogo. Bingwa aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa na mkate. Simu yake haikunyamaza.

"Likizo hupati?" muuguzi aliuliza.

"Mimi napata. Simu ndiyo haijawahi kupata."

Walicheka. Alikuwa mtu mwema, hilo halikuwa na ubishi. Alimweleza kazi bila kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: nani wa kubembelezwa, nani wa kusikilizwa, na namna ya kulia bafuni na kukaa humo mpaka uso urudi kabla ya mkutano wa asubuhi. Muuguzi alikubali kila kitu moyoni. Kuchoka alikuwa anachoka hata sasa, na heri kuchoka umekaa. Walipofika hospitali, si ile yake bali nyingine, alikuwa ameshayapanga maneno ya kuagana na wenzake wa wodi.

Waliingia wodi ya wanawake kumwona muuguzi mkuu. Bingwa alikuwa katikati ya sentensi tamu pampu ya kitanda cha pembeni ilipolia.

Bingwa akapiga makofi.

Yalikuwa mawili, ya nguvu, yenye furaha, na uso wake ulikuwa umeshachanua kabla hajajua alipo. Msichana aliyekuwa akimlisha mama yake kitanda cha jirani alibaki na kijiko hewani. Bingwa aliitazama mikono yake, akaiingiza mfukoni.

Muuguzi alikuwa ameshafika kitandani. Bibi kizee aliyelazwa pale alikuwa ameulalia mpira.

"Pole, bibi. Sogea kidogo. Haya, hivyo hivyo."

Pampu ilinyamaza. Bibi akamvuta mkono.

"Yule anashangilia nini, mwanangu?"

"Amefurahi kukuona, bibi," muuguzi alidanganya, akamfunika shuka vizuri.

Huko nje kwenye korido, Bingwa aliegemea ukuta. Alionekana mzee ghafla.

"Nilikuwa wodi ya watoto mimi," alisema. "Muuguzi, kama wewe. Siku ya kwanza pale ofisini niliruka kuliko ulivyoruka. Walinicheka mpaka nikachoka."

"Uliacha lini kuruka?"

Alifikiri kweli, kama mtu anayejipapasa mifuko kutafuta funguo.

"Sikujua kama nimeacha," alisema. "Ndiyo nimejua leo."

Jioni muuguzi alimpigia meneja simu akakataa kwa adabu. Meneja alisema mlango wa familia uko wazi. Mume wa muuguzi, fundi cherehani, alisikia yote kutoka kwenye mashine yake, akaondoa mguu kwenye kanyagio.

"Mke wangu, na hiyo miguu?"

"Itauma."

"Umekataa kiti?"

"Nimekataa." Hapo ndipo alipolia, kwa sababu alikitaka kiti kile, alikitaka sana, na hakuna aliyemlazimisha kukiacha. Mumewe hakubishana. Alivuta kigoda, akaipakata miguu ya mkewe akaikanda mpaka chai ikapoa.

Kesho yake mchana, kwa mara ya kwanza tangu aingie zamu, muuguzi alipata nafasi akashika ukingo wa kiti cha mbao cha wodini na kuanza kujishusha. Pampu ya kitanda cha dirishani ikalia.

"Jamani! Hata sijakaa!" alifoka, kwa hasira ya kweli kabisa. Kisha akasikia jinsi alivyokasirika, akashukuru kwamba mlio ule bado unamwinua, akaenda akichechemea.