Spidi Hadi Ishirini

Hadi. Neno hilo mimi Mektrida nililiona kwa macho yangu mawili na bado sikulisoma. Bango la hao watu wa intaneti liliandikwa "Spidi hadi 20", mimi nikaona ishirini tu. Wakaja huku Kibosho, wakapitisha waya juu ya migomba, wakafunga kiboksi chenye taa za kijani, wakaenda zao.

Wala sikuitaka ya kuangalia tamthilia. Kesho yake asubuhi mama alitakiwa afike hospitali kupasuliwa tumbo, na alikuwa amegoma. Alisema haendi popote kabla mdogo wangu Jovin, aliyeko Kanada, hajamwomba radhi kwa kutokuja kumzika baba. Na masikio ya mama yamekufa siku nyingi, anasoma midomo. Jovin alishaandika ujumbe, nikamwonyesha, akasema ujumbe hata jirani anaweza kuuandika. Alitaka alione neno likitoka mdomoni mwa mwanawe. Daktari naye alituambia uvimbe ule hausubiri.

Basi mchana ule nikakata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, nikalifunga fundo kwa niaba ya Jovin, maana kwetu anayeomba msamaha haji mikono mitupu, na jani hilo likipokelewa amesamehewa. Nikaketi kitandani kwa mama, jani nikaliweka kando yake, simu mkononi. Jovin akatokea, koti limefungwa mpaka kidevuni, macho mekundu. Akafungua mdomo, picha ikaganda.

Sauti ilikuwa inakuja! Nilimsikia analia, anaomba, anamtaja baba. Mama alikuwa anaona sanamu. Nikamweleza kwamba anaomba, akanijibu kuwa mimi siku zote namtetea.

"Amenyamaza," akasema, akageukia ukutani.

Nikatoka uani na simu ya mume wangu, nikawapigia wenye waya wao. Kijana wa huduma kwa wateja akapima huko aliko, akaniambia tunapata moja na nusu, na kwamba kampuni haijakosea kitu.

"Dada, soma vizuri," akasema. "Tumeandika hadi."

Nikamwambia angekuwa mbele yangu ningemtafuna mbichi, nikakata simu. Lakini hasira zangu zisingemfikisha mama hospitali.

Niliporudi chumbani nikaona picha haijafa kabisa. Ilikuwa inabadilika moja moja, baada ya kitambo. Nikamwambia Jovin aache kulia. Aseme neno moja tu, kipande kwa kipande, na kila kipande aushike mdomo vilevile mpaka nimruhusu. Nikamgusa mama bega. Aligeuka kwa shida.

Ikaja picha, meno. Ni. Tukasubiri. Ikaja nyingine, mdomo wazi. Sa. Kisha ikakaa sana, nikaanza Salamu Maria kimoyomoyo. Ikaja midomo imebanwa pamoja. Me. Halafu kiboksi kikawasha taa nyekundu na Jovin akapotea.

Nikajua yameharibika. Nikamwangalia mama. Alikuwa bado anaitazama simu nyeusi, midomo yake mwenyewe ikitembea taratibu. Akanyoosha mkono, akalichukua jani la isale.

"Hadi hapo inanitosha," akasema. "Nitafutie kanga safi za hospitali."