Kabla ya Kutotoa

Kwenye kiwanda cha vifaranga walimwita Macho ya Taa. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye chumba chenye giza, kushika yai mojamoja mbele ya balbu na kusema lipi lina uhai na lipi ni viza. Mayai viza aliyatupa kwenye ndoo bila kuyatazama mara mbili, na mkono wake haukutetemeka.

Haukutetemeka kwa sababu ya amri ya mwenye kiwanda, mama mmoja mwenye sauti nene na mwepesi wa kufoka. Mle ndani, ole wako useme "kifaranga" au "mtoto" kabla ganda halijapasuka. "Mtoto anatokana na kutotoa," alikuwa akisema, kidole juu. "Neno lenyewe linakwambia. Kabla ya kutotoa una yai tu. Ukishaliita mtoto, utalitupaje?" Wafanyakazi wenzake walimcheka yule mama kisogoni. Macho ya Taa hakucheka. Maneno yale yalimwingia, akaenda nayo hadi nyumbani.

Na nyumbani ndiko yalikofanya ubaya. Mkewe alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, na kwa zote mbili huyu bwana alikuwa ameshaanza kusema "mwanangu" tangu mwanzo, akanunua hadi vikofia vya sufu. Ya tatu ilipoingia akajikaza kisabuni. Akaiita "hali". Akitoka kazini anavua viatu mlangoni na kuuliza, "Hali inaendeleaje?" Hakuwa mkatili, tusimwonee. Alikuwa mwoga, na woga wake aliupa jina la busara.

"Leo anacheza," mkewe alimwambia jioni moja, akauvuta mkono wake na kuuweka tumboni. "Msalimie. Wanasema wakiwa humu wanasikia sauti."

"Nani huyo?"

"Usinichezee, baba watoto. Mwite mtoto. Mara moja tu, litakuchoma ulimi?"

Baba watoto, na watoto wenyewe hawapo. Ndivyo alivyozoea kumwita, nusu utani, nusu dua. Macho ya Taa alihisi teke kiganjani, dogo, la ukaidi. Neno likamfika mdomoni kabisa.

"Akitoka nitamwita mpaka achoke," alisema, akautoa mkono. "Tusubiri kwanza, mke wangu."

Mkewe alivuta kanga akalifunika tumbo, akageukia upande wa pili. Angekuwepo mtu wa kumzaba yule mume kibao siku ile, angekuwa amemfanyia hisani.

Siku ya kujifungua alikaa kwenye benchi la hospitali tangu asubuhi, mgongo wima, akiutazama mlango. Muuguzi akatoka na kifurushi cha shuka nyeupe.

"Baba wa mtoto ni wewe?"

Akaruka. "Ndiye mimi!" Kisha akaona uso wa yule dada.

"Pole sana, kaka. Mtoto wenu alishatutoka kabla hajazaliwa. Utapenda kumshika?"

Alimpokea. Alikuwa amekamilika, kucha zote, masikio yote mawili, nywele zimelala utosini. Mikono ya baba, kwa mazoea ya kazi, ikamgeuzia dirishani kwenye mwanga. Hapo ndipo alipovunjika.

"Mwanangu," alisema. "Mtoto wangu. Mtoto. Mtoto wangu." Neno alilolibana miezi yote sasa lilimtoka bila breki, watu wa kwenye benchi wakainamisha vichwa, na muuguzi akamwacha aseme.

Alipoingia wodini machozi yalikuwa bado yanamtiririka. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Nimemwita," alisema. "Mke wangu, nimemwita mtoto."

Mkewe alikuwa ameutazama ukuta, wala hakugeuka.

"Alikuwa anasikia, baba watoto," alisema. "Miezi yote ile alikuwa anasikia."