Biskuti Kumi na Moja

Walikwisha kuvuka kilele cha mwisho, ng'ambo ya ile milima ya kusini ya dunia ambayo binadamu hakuwahi kuikanyaga kabla yao, Kapteni Rustad alipofungua kasha la biskuti akakuta kumi na moja hazipo.

Walikuwa wanne hemani. Kapteni alimtazama mpishi, akamtazama Torleiv, kisha macho yakatua kwa Nillas, Msami, mtu wa kabila la wafuga kulungu wa kaskazini mwa Norwe, aliyeajiriwa kuongoza mbwa. Yakabaki palepale.

"Nyie wachunga kulungu," alisema, "njaa ikiwabana hamjui cha mtu."

"Sikula, Kapteni."

"Basi zimeota miguu."

Mpishi akaangua kicheko. Torleiv naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichokuja kumtafuna kuliko kosa lenyewe. Maana mwizi alikuwa yeye. Alizila siku mbili nyuma, wakati wa tufani, akiwa zamu ya kulinda mbwa, akizimumunya polepole ili zisilie mdomoni.

Siku tisa za kuteremka Nillas alipewa nusu ya posho. Hata hivyo ndiye aliyetangulia, akipima barafu kwa fimbo, akiwaepusha na nyufa ambazo zingewameza wote, mbwa na sleji walizozikokota juu ya barafu. Siku ya saba alianguka mara tatu. Torleiv alimwinua kila mara, maneno yamemjaa kinywani, asiyatoe. Baridi ikamla Nillas vidole viwili vya mguu.

Waliporudi Norwe walipokewa kwa tarumbeta. Kapteni akachora ramani, akaupa mlima mmoja jina la mpishi na mwingine jina la Torleiv. Nillas hakupata hata kichuguu. Ramani ikatundikwa shuleni kijijini kwa kina Torleiv, kisiwani Senja, na mama yake, Bi Oline, akawa kila Jumapili anapitia kuigusa.

"Marehemu baba yako hakuwa hata na mashua," alimwambia, "wewe mwanangu una mlima!"

Torleiv alitamani ardhi ipasuke.

Mwaka wa pili alishindwa kuvumilia. Alipanda meli hadi Finnmark, kaskazini kabisa, akateleza juu ya theluji kwa skii, zile mbao za miguuni, siku mbili hadi kwenye hema la Nillas. Alimkuta akijaza nyasi kavu za kuzuia baridi ndani ya viatu, mkewe Risten akipika kahawa.

"Zile biskuti nilizila mimi, Nillas," alisema kabla hajaketi.

"Najua. Nilikupokea zamu siku ile. Ndevu zako zilikuwa na chenga zimeganda."

"Mbona hukusema?"

Risten aliweka birika chini kwa kishindo. "Amwambie nani? Kapteni wenu?"

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Undugu tuuache kwanza," Nillas alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye viatu. "Umekuja mwendo wote huu kumwambia anayejua. Kamwambie asiyejua."

Torleiv alimwandikia Kapteni. Jibu lilikuja fupi: yaliyopita si ndwele, kitabu cha safari kimeshachapwa. Basi Jumapili moja, watu walipotoka kanisani, akawaita shuleni, akasimama mbele ya ramani na kusema yote: biskuti, kicheko, vidole vya Nillas. Hakuna aliyemzomea. Afadhali wangemzomea. Walitoka mmoja mmoja, wakikwepa kumgusa bega mlangoni.

Nyumbani alimkuta mama, aliyetangulia kutoka shuleni, amemwekea samaki na viazi.

"Aliomba chakula, yule mtu?" mama aliuliza.

"Hakuomba."

"Na wewe ukala mbele yake, siku tisa?"

"Nilikula, mama."

Bi Oline alijifunga shali yake. "Mtu huyo angekuwa na mama hapa kijijini, huyo mama ningemtazamaje machoni?" Akatoka kwenda kukamua mbuzi.

Gazeti la mjini Tromsø lilichapa habari ile kwa mistari minne. Torleiv aliikata akamtumia Nillas. Majibu hayakuja, naye hakuthubutu kuyadai. Wavuvi waliendelea kumchukua baharini, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na nguvu, ila mzaha uliisha kila alipoingia mashuani.