Kutu ya Upande wa Kushoto

Theluji ilipoyeyuka mwaka ule, Helve alikuta kiti cha dereva kimelowa. Alikipapasa, akanusa kiganja, akatazama juu. Kitambaa cha dari kilikuwa na doa la rangi ya chai, na katikati ya doa tone moja lilikuwa likijikusanya bila haraka.

Gari lilikuwa la mumewe, Aivar: basi dogo jekundu, kuukuu, alilolinunua kabla hawajaoana. Aivar mwenyewe alikuwa Norway, kaskazini kabisa, akijenga nyumba za watu, mwaka wa tatu sasa. Alikuwa akirudi Krismasi, tena akirudi sikukuu ya Jaani katikati ya kiangazi, kisha huyo, keshaondoka. Kijijini kwao karibu na mji wa Võru wanaume wengi walikuwa hivyo. Mtu akikuuliza mumeo yuko wapi, unaelekeza kidole upande wa bahari, inatosha.

Jumapili jioni walipigiana simu, na mazungumzo yenyewe hata kasuku angeyakariri.

"Mzima?"

"Mzima. Na wewe?"

"Mzima. Mvua?"

"Inanyesha."

"Huku pia. Haya, Helve."

"Haya."

Helve alikuwa mpishi wa shule, mwanamke asiyekosa neno mbele ya masufuria yake, lakini simu ile ilimkausha mdomo. Baadaye alikuwa akiiweka mezani na kukaa akiitazama, kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa.

Siku ya kiti kulowa haikuwa Jumapili, lakini alipiga.

"Gari linavuja," alisema.

"Linavujia wapi?" Sauti ya Aivar ilichangamka papo hapo. "Juu ya kioo cha mbele? Hebu panda uangalie."

"Nimevaa aproni."

"Panda na aproni yako."

Aliazima ngazi kwa jirani yake, Shangazi Leida, mjane asiyepitwa na jambo lolote la mtaani. Akapanda, simu kaibana kati ya sikio na bega. Juu ya kioo rangi ilikuwa imefura malengelenge. Alibonyeza moja kwa ukucha, likapasuka, unga wa kahawia ukamwagika.

"Ni kama mkate ulioungua. Juu gamba, chini hakuna kitu."

"Chukua bisibisi uchokoe. Usiionee huruma."

Akachokoa. "Imepenya! Aivar, paa limetoboka!"

"Tundu kubwa?"

"Punje ya shayiri inapita."

"Usiogope. Tutaitoa hiyo kutu."

Alisema *tutaitoa*. Usiku ule Helve alilala na neno hilo.

Basi ikawa kila akitoka kazini anapanda ngazi, na Aivar akitoka kwenye majengo anapiga simu. Alimfundisha kusugua kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, mpaka bati ling'are. "Ukiacha doa moja jeusi itarudi. Kutu haina haya," alimwambia. Helve alikuwa akishuka na nywele za kahawia, vumbi hadi kwenye nyusi.

"We Helve!" Shangazi Leida alimpigia kelele kutoka ng'ambo ya ua. "Mume umeiachia Norway, sasa unalikwangua gari lake?"

"Afadhali gari, Shangazi! Lenyewe linakaa nyumbani!"

Leida alicheka hadi akakohoa. Helve alicheka pia, ila jibu lake mwenyewe lilimchoma.

Akapaka dawa ya kutu. Akakata kipande cha bati, akakiweka juu ya tundu kwa gundi na misumari ya ribiti, akasawazisha kwa puti ya kuziba mabonde, akasugua tena. Ikaja zamu ya rangi ya msingi, ile ya kijivu, na rangi ya msingi ikipakwa hakuna la kufanya ila kungoja ikauke. Ndipo walipoanza kuongea.

Aivar alimkumbusha usiku waliolala ndani ya gari lile kando ya Ziwa Peipsi, mlango ukagoma kufunguka asubuhi, wakatokea dirishani huku wauza vitunguu wakiwatazama. Helve alikuwa amesahau. Aivar akamweleza kwamba huko aliko anakula amesimama, maana kukaa peke yake mezani hawezi.

"Mimi siku hizi nalala upande wako," Helve alisema.

"Upande wangu si ule wa ukutani? Una baridi."

"Ndiyo. Una baridi."

Mitufaha ilipochanua, kazi ikaisha. Paa lilikuwa jekundu, laini, maji yakilimwagikia yanateleza. Helve alishuka, akaosha brashi, akarudisha ngazi kwa Leida. Alipofika mlangoni kwake ndipo alipoelewa kwamba jioni ile hana la kusema. Simu ikalia.

"Vipi paa?"

"Bado," alijikuta akisema. "Nimeona kutu nyingine. Upande wa kushoto."

Alimwelezea kutu hiyo kwa siku nyingi. Aliisugua, akaipaka dawa, akalalamika kuwa imerudi. Hata ngazi aliiazima upya, akawa anaketi juu yake mikono mitupu, simu sikioni, akitazama mibetula, ile miti ya magome meupe, ikiyumba kwa upepo. Leida alimwona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akageuka akarudi ndani.

Jioni moja Aivar aliuliza, "Iko wapi hasa?"

"Nyuma kidogo ya dereva. Inaelekea katikati."

Helve alimsikia akiweka kijiko chini.

"Helve. Hapo pana kile kidirisha cha kioo cha kuingiza hewa."

Masikio yalimwaka moto.

"Kioo hakipati kutu, mke wangu," Aivar alisema, akacheka, kisha kicheko kikakatika. "Umemaliza lini?"

"Mitufaha ilipochanua."

"Sasa kwa nini…"

"Kwa sababu paa likiisha utaniuliza habari za mvua."

Aivar akasema, "Nilijua. Uliposema unapaka rangi ya msingi kwa mara ya tatu, nilijua. Nikanyamaza. Nilitaka uendelee."

Sikukuu ya Jaani ilipokaribia, Helve aliliendesha gari hadi Tallinn kumpokea uwanja wa ndege. Aivar alitoka amekonda, ndevu zimeingia mvi. Walikumbatiana kwa uangalifu, kama watu wanaokutana msibani. Kisha akatua begi chini, akakanyaga kizingiti cha mlango wa gari na kupitisha kiganja juu ya paa, polepole, mbele hadi nyuma.

"Wekundu umezidi kidogo."

"Duka halikuwa na mwingine."

"Umependeza," alisema, bila kumtazama.

Njiani kurudi, walipokaribia mji wa Põltsamaa, mvua kubwa ikaanza kunyesha. Wote wawili waliinua macho kwenye dari. Halikudondoka hata tone.

"Mvua," Aivar alisema.

"Ndiyo," Helve akajibu.

Helve alikaza macho barabarani. Alikuwa amemngoja yule mtu wa simu za kutu, na aliyekaa kando yake alikuwa yule wa Jumapili.

Ghafla simu yake ikaita mkobani. Aliegesha pembeni, akaitoa, akaona jina la Aivar. Akageuka. Aivar alikuwa ametazama dirisha la upande wake, simu sikioni.

Helve akapokea. "Haloo?"

"Haloo, Helve. Nimefika," Aivar alisema. "Nina aibu kidogo. Mke wangu amekuwa mtu mwingine, anatengeneza magari."

"Hata mume wangu amebadilika," Helve alisema, akicheka na kulia kwa pamoja. "Anaongea."

Wakaongea hivyo hivyo, bega kwa bega, simu masikioni, mpaka mvua ikapita.

Sikukuu ilikuwa fupi kama zote. Walikoka moto, wakaoga mvuke wa sauna, Leida akaleta jibini la bizari na maneno mengi. Kisha Aivar akarudi Norway. Kama atarejea kukaa kabisa hakusema, wala Helve hakuuliza. Kazi zilikuwa zile zile na kijiji kilikuwa kile kile.

Jumatano iliyofuata Helve alipiga akiwa amesimama uani.

"Leo sina kutu," alisema.

"Haidhuru."

"Aivar, hapo ulipo, ukisimama dirishani, unaona nini?"

Miaka yote ile hakuwahi kumwuliza. Aivar alikohoa.

"Ngoja," alisema, "niende nikaangalie."

Helve alisikia hatua zake zikivuka sakafu ya mbao, akangoja.