Moshi Katika Kundi la Mafundi

Falonne alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya karakana yake huko Katuba, anachuna waya kwa meno kama fundi asiyejali meno yake, simu ilipotetemeka. Ilikuwa picha kutoka kundi la WhatsApp la mafundi wa umeme wa jua. Vieux Lombe, mzee mwanzilishi wa kundi na mwalimu wa nusu ya mafundi wa Lubumbashi, Falonne akiwamo, alikuwa amemaliza kazi katika maternité, hospitali mpya ya uzazi ya njia ya Luano. Betri zilipangwa kama makreti ya bia kwenye ujia, nje ya mlango wa chumba cha upasuaji, ndani ya kizimba cha chuma chenye kufuli. Waya uliobeba umeme wake ulikuwa mwembamba. Ulikuwa waya wa taa za sebuleni.

Kundi lilikuwa na desturi yake. Anayeweka picha hupongezwa kwanza. Mwenye neno la kusahihisha huwasalimia wakubwa, huisifu kazi, huomba radhi, kisha hulipeleka neno lake en privé, faraghani, kwa mwenye kazi, ambaye yu huru kutolisoma. Ilikuwa desturi nzuri iliyozuia ugomvi mwingi, na Falonne aliijua tangu siku ya kwanza. Lakini Nono, mdogo wake anayemfuata, alikuwa apasuliwe palepale wiki hiyo. Mtoto alikuwa amelala kwa ubavu tumboni, na kwingine kote umeme wa jiji ukikatika daktari humalizia kwa tochi. Hofu haina salamu. Falonne akaandika mbele ya wote:

"Ile kâble iko mudogo. Itaungua. Mubadilishe kwanza, mbele bapasule bantu pale."

Wa kwanza kujibu alikuwa Bénit, aliyejifunza kazi pamoja naye.

"Falonne, hata bonjour hakuna?"

"Kwa Vieux hatusemake vile," akaongeza mwingine.

Kisha Vieux Lombe mwenyewe akatuma sauti, ya upole, kama baba anayemwita mtoto mezani. "Mutoto yangu, mi sikatale critique. Critique iko muzuri. Ni ton yako, ma fille, namna ya kusema. Ton iko inaumiza." Akaufuta ujumbe wa Falonne.

Ulipofutwa tu, picha ikaanza kutoa moshi.

Ulitoka pale pale penye waya, mwembamba, wenye harufu ya plastiki inayoungua, na ulitoka katika simu ya kila mwanakundi: Kampemba, Ruashi, mpaka Kasenga, ambako fundi Chama alikuwa anatengeneza friji ya wauza samaki. Watu wakafungua madirisha. Bénit aliuliza kama kwa wenzake nako kunafuka. Wakamjibu ndiyo, akashukuru. Mama mmoja aliyekuwa kanisani alitolewa nje pamoja na mkoba wake.

Kwamba ni moshi, hakuna aliyebisha. Ubishi ulikuwa juu ya namna ulivyokuja.

"Moshi hii haikusalimia hata mutu moya," akaandika Chama.

"Na mbele ya bakubwa," akaandika mwingine.

Mapalo, aliyejiunga juzi juzi, aliuliza, "Mais kâble yenyewe?" Baada ya muda aliufuta ujumbe wake, akaandika pongezi: félicitations Vieux.

Siku mbili watu walikula bukari, ugali wa kwao, huku simu zimefunikwa sufuria. Falonne akaona yaishe: kama adabu ndiyo inayotakiwa, atawapa adabu. Aliwasalimia wakubwa, na wake zao. Aliisifu kazi, akausifu ukuta, akaomba radhi kwa ulimi wake, akakumbusha nani alimfundisha kushika bisibisi. Ndipo, mwisho kabisa, akaeleza habari ya waya na unene unaotakiwa. Ujumbe ulikuwa mrefu hata simu ikaukata katikati na kuweka maneno "lire la suite", yaani soma zaidi. Vidole gumba vikamiminika. Bénit akaandika, "Sasa njo kusema!" Wa kuufungua mkia wa ujumbe hakuwapo, na Falonne alilia kwa hasira, amekaa sakafuni katikati ya mabaki ya waya.

Vieux Lombe alifurahi kwa dhati. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kupongezwa. Akatuma sauti nyingine. "Munaona vile Falonne amejirudi? Na moshi ifanye vile vile. Tangu leo moshi iende en privé."

Moshi ukatii. Ulitoka katika simu za watu wote ukahamia ya Vieux Lombe peke yake. Naye, aliyekuwa na wageni, aliunyamazisha. Simu ilipomuuliza kwa muda gani, akachagua "toujours", yaani daima. Haukuonekana tena popote.

Siku ya upasuaji Falonne alifika maternité na waya mnene umeviringishwa begani. Kizimba kilikuwa kimefungwa. Ufunguo anao Vieux Lombe, akaambiwa. Akampigia.

"Ulisha kuandika muzuri sana, ma fille," akasema mzee. "Hapana kuharibu tena."

Nono akapitishwa juu ya kitanda cha magurudumu. "Yaya, utabakia hapa?" akamuuliza dada yake.

"Niko, Nono. Siende fasi yoyote."

Mlango ukafungwa, taa kubwa ikawashwa ndani, na betri zikaanza kunguruma kidogo. Falonne akapenyeza vidole kwenye kizimba, akaugusa waya, akavirudisha haraka. Ulikuwa wa moto. Ganda lake lilikuwa jekundu kwenye picha. Sasa lilikuwa la kahawia na limelegea. Akainama kuunusa. Hakukuwa na harufu yoyote, wala moshi.

Mkuu wa wauguzi alikuwa anapita na beseni. Moyo wa Falonne ulitaka kupiga ukelele, lakini alikuwa ameshajifunza.

"Mama infirmière, bonjour. Pole na kazi. Muko munatumika bien kabisa hapa. Munisamehe, mama, mais ile kâble iko inaungua. Bazimishe, tafazali."

Muuguzi alipendezwa na binti huyu mwenye heshima. Akaweka beseni chini, akasogea, akanusa hewa mara mbili kwa uangalifu. Pafukapo moshi pana moto: alikuwa ameitegemea methali hiyo maisha yake yote, na haikuwahi kumwangusha.

"Moshi iko wapi, mama?" akauliza.

Falonne akatazama ndani ya kizimba. Tone la plastiki nyeusi lilianguka sakafuni, likafuatiwa na lingine, yote mawili bila kufuka. Hakuwa na kitu cha kumwonyesha.

Muuguzi akampigapiga begani kwa upole, akachukua beseni lake, akaingia kwa Nono na kuurudisha mlango.